Akaunti ya notisi riba zinapoyumba: ubaki au uhame?

Ujumbe wenyewe ulikuwa mistari mitatu. Benki ilinitaarifu kwamba baada ya siku 30 riba ya akaunti yangu ya notisi ya siku 90 ingeshuka kutoka asilimia 4.4 hadi asilimia 3.7 kwa mwaka, ikanishukuru kwa kuendelea kuwa mteja, ikaishia hapo. Niliusoma nikiwa kwenye foleni. Niliudhika, nikarudisha simu mfukoni, nikajiambia nitalishughulikia mwisho wa wiki. Nilikuja kulishughulikia baada ya miezi mitano.

Nilipokaa chini na kupiga hesabu ya miezi ile, niligundua jambo ambalo sikulitegemea. Zile siku 90 za kungoja, ambazo kila mtu huzilalamikia, hazikuwa zimenigharimu kitu cha maana. Pesa ilikuwa imepotea katika miezi niliyokaa bila hata kuanza kuzihesabu. Tangu hapo nimekaa na ndugu na marafiki kadhaa wenye akaunti kama hizi, na karibu wote wanaogopa kungoja, huku hawana habari na kile kinachowala polepole. Kwa hiyo naomba tulichambue jambo hili kwa utulivu, namba zikiwa mezani.

Nani kafungwa, nani yuko huru

Akaunti ya notisi ni akaunti ya akiba ambayo huwezi kutoa pesa leo kwa leo. Unaiambia benki kwamba unataka kiasi fulani, kisha unasubiri siku zilizotajwa kwenye mkataba: 30, 60, 90, wakati mwingine hadi 180. Wakati unasubiri, pesa inaendelea kupata riba kama kawaida. Iko katikati ya akaunti mbili ambazo wengi wanazifahamu: akiba ya kawaida, unayotoa utakapo, na amana ya muda maalumu, ambapo unafunga pesa kwa miezi kadhaa au mwaka na zaidi kwa riba isiyobadilika.

Kuwa katikati ndiko kunakoleta utata. Kwenye amana ya muda maalumu, benki nayo imefungwa: imeahidi asilimia fulani na haiwezi kuigusa mpaka muda uishe. Kwenye akiba ya kawaida hakuna aliyefungwa; benki inashusha riba na wewe unaondoka siku hiyohiyo. Kwenye akaunti ya notisi aliyefungwa ni mteja peke yake. Riba inabadilika, benki inaweza kuipunguza, nawe unatakiwa kungoja. Mtu akiitazama hivyo anaweza kusema ni biashara mbaya. Mimi sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba kungoja kuna bei, benki inakulipa bei hiyo, na kazi yako ni kujua kama bado inakulipa vya kutosha.

Kwa nini ikulipe? Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, Kamati ya Basel, ambayo hutunga viwango vya usimamizi wa mabenki kimataifa, iliweka kanuni ya ukwasi iliyoanza kutumika hatua kwa hatua kuanzia Januari 2015. Benki inatakiwa iwe na mali za kugeuzwa pesa taslimu haraka, kiasi cha kuhimili siku 30 za wateja kukimbilia pesa zao. Amana ambayo haiwezi kutoka ndani ya siku hizo 30 huachwa nje ya hesabu ya pesa zinazoweza kukimbia. Kwa hiyo pesa yenye notisi inayovuka siku 30 ni nafuu kwa benki kuitunza, na sehemu ya nafuu hiyo hukurudia kwa sura ya riba. Ukikutana na akaunti ya notisi ya siku 32 au 35, usidhani mtu alikosea hesabu. Kanuni hiyohiyo inataka mteja asiwe na haki ya kutoa mapema, au akitoa akatwe adhabu inayozidi kwa kiasi kikubwa riba anayoipoteza. Hii ni moja ya sababu akaunti kadhaa za aina hii hazikubali notisi ivunjwe kabisa, hata kwa dharura.

Ujira wa kungoja

Tuchukue milioni 1 ya sarafu yoyote. Akaunti ya akiba ya kawaida inalipa asilimia 4.0 kwa mwaka, na ya notisi ya siku 90 inalipa asilimia 4.4. Pengo ni asilimia 0.4, yaani 4,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Hizo 4,000 ndizo ujira wako wa kukubali kungoja. Riba nyingine yote, ile 40,000 ya kwanza, ungeipata hata bila kungoja, kwa hiyo usiihesabu kama zawadi ya notisi. Watu wengi huitazama ile 44,000 nzima na kuona akaunti ya notisi inawalipa vizuri.

Sasa tuseme mkataba wako unaruhusu kutoa mapema, ila unakatwa riba ya siku zote za notisi. Riba ya siku 90 kwa asilimia 4.4 juu ya milioni 1 ni takriban 10,850. Ukivunja mara moja tu kwa kiasi chote, umerudisha ujira wa miaka miwili na miezi minane. Ukivunja kwa laki mbili pekee, unakatwa kama 2,170, zaidi ya nusu ya ujira wa mwaka mzima. Ndiyo maana swali la kwanza halihusu benki kuu wala mwelekeo wa riba. Ni hili: je, pesa hii inaweza kuhitajika kabla ya siku 90? Kama ndiyo pesa ya ugonjwa, ya kodi ya nyumba mwezi kazi ikikatika, ya safari ya msiba, basi mahali pake ni akiba ya kawaida, hata kama riba yake ni ndogo. Hapo hakuna tena cha kujadili.

Ikiwa si pesa ya dharura, rudi kwenye pengo. Na hapa kuna mtego ambao sikuujua mpaka uliponinasa. Mabenki hutoa akaunti za notisi kwa matoleo: toleo la kwanza, la pili, la tatu. Wateja wapya wanapokelewa kwenye toleo jipya lenye riba ya kuvutia, na toleo la zamani linafungwa kwa wageni kisha linaanza kushushwa kimyakimya. Nilipofungua tovuti ya benki yangu baada ya ile miezi mitano, nilikuta akaunti yenye jina karibu sawa na yangu, siku 90 vilevile, ikilipa asilimia 4.2. Yangu ilikuwa 3.7. Benki moja, muda mmoja wa kungoja, na tofauti ilikuwa tarehe tu ya kufungua akaunti. Tena kuna nyakati akiba ya kawaida ya benki nyingine hulipa kuliko toleo la zamani la notisi. Ukifika hapo, unangoja siku 90 na ujira wako uko chini ya sifuri.

Kwa hiyo usilinganishe riba yako ya leo na riba yako ya jana. Ilinganishe na kile ambacho mtu anayefungua akaunti leo angepewa, katika benki yako na nyinginezo, na hakikisha zote mbili zimeandikwa kwa kipimo cha mwaka mzima. Asilimia 4.4 inayolipwa kila mwezi na kuongezwa kwenye salio inafikia karibu asilimia 4.49 mwaka ukiisha. Ile inayolipwa mara moja kwa mwaka inabaki 4.4.

Notisi mbili katika mkataba mmoja

Watu wote wanaijua notisi yao. Wachache wameitafuta ile ya benki, yaani siku ambazo benki inalazimika kukupa kabla ya kushusha riba. Kwangu mimi hiki ndicho kifungu muhimu kuliko vyote, na mara nyingi kimejificha katikati ya masharti, mbali na ukurasa wa matangazo.

Chukua mikataba miwili. Katika wa kwanza, benki inaahidi kukutaarifu siku zote za notisi yako pamoja na wiki mbili za ziada, mtindo ambao unapatikana kwenye akaunti kadhaa za Uingereza. Notisi yako ikiwa siku 90, unapata taarifa siku 104 kabla. Ukitoa notisi siku hiyo au hata wiki moja baadaye, unatoka kabla riba mpya haijaanza. Mteja wa mkataba huu hajafungwa na riba ya chini hata siku moja, ilimradi anasoma ujumbe wake. Kwa hakika ana amana ndogo ya muda maalumu inayojirefusha kila siku, na bado ana mlango wa kutokea.

Katika mkataba wa pili, ambao ndio ulikuwa wangu, benki inatoa taarifa ya siku 30 huku mteja anadaiwa 90. Ukitoa notisi siku ya ujumbe, unakula riba ya zamani kwa siku 30, kisha unabaki siku 60 kwenye riba mpya. Inaudhi. Lakini tupige hesabu kabla ya kukasirika. Riba mpya ni 3.7, na ile akaunti nyingine inalipa 4.2. Nusu asilimia ya milioni 1 kwa siku 60 ni takriban 820. Basi. Hiyo ndiyo hasara yote ya kufungwa.

Ukikaa mwaka mzima bila kutoa notisi, nusu asilimia ileile inakuwa 5,000. Mimi nilichelewa siku 150 kuanza, na kuchelewa huko kulinigharimu takriban 2,050 kwa kila milioni, mara mbili na nusu ya ile 820 ambayo ndiyo iliyokuwa imenikasirisha kwenye foleni. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika akaunti hizi iko ngoja ya benki, ambayo ni siku 90 zenye mwisho, na ngoja yako mwenyewe isiyo na tarehe.

Riba zikishuka

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa kugeuka. Benki Kuu ya Ulaya ilianza kupunguza Juni, ikitoa riba yake ya amana kutoka asilimia 4.0 hadi 3.75. Benki Kuu ya Uingereza, iliyokuwa imepandisha mara 14 mfululizo kati ya Desemba 2021 na Agosti 2023, ilishusha kutoka 5.25 hadi 5.0 mwezi Agosti. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya iliteremsha kutoka 13.0 hadi 12.75, na Septemba ikafuata ya Marekani kwa nusu asilimia kwa mpigo. Lakini si nchi zote hutembea pamoja: Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha riba yake kutoka 5.5 hadi 6.0 Aprili mwaka huohuo, na haikuishusha mpaka Julai 2025. Habari za nchi nyingine hazitakuambia benki yako itafanya nini.

Benki kuu inaposhusha, riba ya akaunti ya notisi hufuata, kwa sababu ni riba inayobadilika. Hapo watu husema, nitahamia amana ya muda maalumu nifunge riba ya leo kabla haijapotea. Wazo ni sahihi. Tatizo ni kwamba riba za amana za muda maalumu hupangwa kwa kutazama mbele, kulingana na soko linavyotarajia benki kuu itafanya miezi ijayo. Kwa hiyo zinaweza kuanza kuteremka kabla ya tangazo lolote. Ukisubiri kusikia kwenye taarifa ya habari kwamba riba zimeshuka ndipo utoe notisi ya siku 90, unakwenda sokoni wakati wenzako wanakunja mikeka.

Mfano wake ninaupenda kwa sababu una tarehe. Tarehe 30 Agosti 2023, taasisi ya akiba ya serikali ya Uingereza, National Savings and Investments, ilitoa dhamana za mwaka mmoja kwa asilimia 6.2. Tarehe 6 Oktoba zikaondolewa. Zilikuwepo wiki tano na siku mbili. Mtu mwenye akaunti ya notisi ya siku 90 aliyeziona siku ya kwanza kabisa na kutoa notisi papo hapo angepata pesa yake tarehe 28 Novemba. Riba ya benki kuu ilikuwa bado haijasogea hata kidogo, ilibaki 5.25 mpaka Agosti ya mwaka uliofuata.

Hapa ndipo bei halisi ya notisi ilipo: katika fursa inayopita ukiwa bado unahesabu siku, zaidi kuliko katika riba unayopokea wakati wa kungoja. Kama ungefunga kwa asilimia 4.2 leo, na siku 90 baadaye iliyobaki ni 3.9, umepoteza 3,000 kwa kila milioni kwa mwaka mzima, mara tatu na zaidi ya ile 820. Kwa maoni yangu, mtu ambaye ana hakika hataigusa pesa yake kwa mwaka mmoja au miwili, na anaona riba zimefika kileleni, hana sababu ya kuendelea kuwa kwenye notisi. Ujira wake ni mdogo na hatari yake ni hiyo.

Riba zikipanda

Upande wa pili ni mwepesi zaidi. Riba zikipanda, aliyefunga kwa miaka miwili ndiye anayeumia, na mwenye notisi ana nafuu: pesa yake iko siku 90 tu kutoka kwenye riba mpya. Kosa la kawaida ni kudhani benki itampandishia. Inaweza kumpandishia, inaweza kuchelewa, inaweza kupandisha toleo jipya peke yake. Akaunti mpya ikilipa 5.0 nawe uko 4.4, siku 90 za kungoja zinakugharimu takriban 1,480 kwa milioni, na baada ya hapo unapata 6,000 zaidi kila mwaka. Anza kuhesabu siku mara moja, na akiba mpya unayoiweka kila mwezi ipeleke moja kwa moja kwenye akaunti mpya badala ya kuilisha ya zamani. Katika kipindi cha kupanda, mimi ningechagua notisi fupi, siku 30 au 60, hata kama ya siku 120 inalipa kidogo zaidi.

Kutoa notisi si kuondoka

Hili halisemwi vya kutosha. Katika mikataba mingi unaweza kutoa notisi, ukafika karibu na tarehe, kisha ukaifuta na pesa ikabaki ilipo bila adhabu. Mkataba wako ukiwa hivyo, notisi ni haki unayoiweka tayari, haikugharimu chochote, na siku ikifika unaamua ukiwa na habari za siku hiyo. Unaweza kugawa akiba mafungu matatu, ukatoa notisi ya fungu moja kila mwezi. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo, kila mwezi kuna theluthi ya pesa yako inayofika mlangoni. Ukipenda inatoka, usipopenda unaifuta na kuipanga upya mwisho wa foleni. Akaunti ya siku 90 inakuwa kama ya siku 30 kwa theluthi ya pesa, kwa riba ya siku 90.

Ila soma kwanza. Kuna mikataba isiyokubali kufuta, na siku zikitimia pesa inahamishiwa akaunti ya kawaida utake usitake, ambako riba inaweza kuwa karibu na sifuri. Ipo pia inayoruhusu notisi moja tu kwa wakati mmoja, na mingine ambapo salio likishuka chini ya kiwango cha chini akaunti nzima inafungwa. Siku ya kwanza ya hesabu huenda isiwe siku uliyobonyeza kitufe. Mara nyingi ni siku ya kazi inayofuata, na tarehe ya mwisho ikiangukia siku ya mapumziko inasogezwa mbele. Ukihamia benki nyingine, angalia pia kiwango cha bima ya amana cha nchi yako. Kinahesabiwa kwa kila mteja katika kila benki, siyo kwa kila akaunti, na mabenki mawili yenye majina tofauti yanaweza kuwa chini ya leseni moja.

Na mfumuko wa bei? Unaamua kama riba yoyote kati ya hizi inakulinda, lakini hausaidii kuchagua kati ya 3.7 na 4.2. Unazipunguza zote kwa kiasi kilekile.

Mimi mwishowe sikuondoa kila kitu. Theluthi mbili nilizifunga kwenye amana ya mwaka mmoja, kwa riba ndogo kuliko ile ambayo ningeipata kama ningetoa notisi siku ya ujumbe. Theluthi iliyobaki niliihamishia kwenye akaunti ya notisi ya benki nyingine, baada ya kupiga simu na kuuliza swali moja: mnanipa siku ngapi kabla ya kushusha riba? Aliyepokea alinisubirisha dakika kadhaa akitafuta, akarudi na jibu la siku 104 kwa notisi ya siku 90. Nilimwomba anitajie namba ya kifungu, nikakifungua, nikakisoma akiwa bado kwenye simu. Kimeandikwa vilevile.